Bibi wa Bwaloni

Saa nne na dakika ishirini asubuhi, wanafunzi mia nne na kumi wa Sekondari ya Kisanjuni walimeza mate kwa pamoja.

Mwalimu Nakijwa Mshana alikuwa ubaoni akiwachorea Kidato cha Tatu figo kwa chaki ya kijani. Aliisikia sauti ile kama alivyoisikia kila siku ya masomo kwa miaka mitatu: makoo arobaini yakimeza mara moja nyuma ya mgongo wake, kisha makoo mengine yakiitikia ng'ambo ya ukuta. Walimu wenzake walikwisha kuizoea, maana binadamu huzoea hata kulala jirani na mashine ya kusaga. Nakijwa hakuizoea, ila alijifunza kutogeuka. Dakika mbili baadaye kengele ya mapumziko ililia. Watoto walikuwa wamekwisha kufunga madaftari.

Jumanne hiyo walikimbilia bwaloni wakakuta Bibi amezimwa. Mafundi wa kampuni walikuwa wamepanda mlima alfajiri kumbadilishia vichujio, wakaahidi kumaliza kabla ya mapumziko. Ahadi ya fundi wote mnaijua.

Bibi alikuwa mtambo wa vinywaji, mweupe, mrefu kama mlango, umesimama mwisho wa bwalo pale palipokuwa jukwaa la sherehe. Jina walimpa watoto wenyewe. Kabla hajaja, waliruka uzio kufuata soda kwenye vibanda vya barabarani, wengine chupa nne kwa siku, na shule ilikwisha kujaribu fimbo, seng'enge na mahubiri bila mafanikio. Kisha ikaja kampuni. Waraka wa elimu ulikataza kuuza soda ndani ya uzio wa shule, lakini Bibi hakuuza. Bibi aligawa. Kila mwanafunzi alipewa kikombe cha chuma chenye namba yake, na ukingoni mwake uzi mwembamba ulioonja mate ya mnywaji. Uzi ule ulijua nani ana njaa, nani ana homa, nani amelia, na Bibi akamchanganyia kila mmoja utamu wake. Watu wa afya walipoona uwezo huo wakaomba atie humo na dawa za minyoo, na madini ya damu kwa wasichana. Akatia. Tumboni mwake mlikuwa na chachu hai iliyoweza kupika karibu dawa yoyote.

Bodi ya shule nayo ilikuwa na ombi. Wazee wa bodi walisema watoto wa siku hizi wamekosa adabu, basi mtambo usimmiminie mtoto asiyeamkia. Mafundi walicheka, wakauelekeza hivyo. Tangu hapo kila mtoto alisimama mbele ya Bibi, akasema shikamoo, na sauti ya mama wa makamo ikamjibu, "Marahaba, mwanangu," ndipo kikombe kikajaa. Wazee wa bodi walifurahi mno. Hakuna aliyejiuliza mtambo unajifunza nini unapoamkiwa mara mia nne kila asubuhi.

Saa saba mchana alianguka mvulana wa Kidato cha Kwanza kwenye bomba la kunawia mikono. Kabla hajafikishwa chumba cha wagonjwa walianguka wengine wawili. Ilipofika saa nane walikuwa arobaini na mmoja, wamelazwa kwenye vitanda, kwenye mikeka na kwenye viti virefu vya kanisani vilivyoazimwa mbio mbio. Hawakulia wala kulalamika. Walihema tu, na kila mmoja, hata yule aliyelazwa chali, alikuwa amegeuza uso kuelekea bwaloni.

Namsifu alikuwa miongoni mwao. Namsifu Kiondo, miaka kumi na sita, mtoto wa marehemu dada yake Nakijwa, ambaye Nakijwa alikuwa akimlea tangu ana miaka sita. Shuleni alimwita Madam kama wenzake, nyumbani akamwita Mama mdogo, na hakuwahi kuchanganya.

Nakijwa aliinama, akanusa pumzi ya mtoto. Ilinukia mananasi yaliyovunda. Aliwahi kuifundisha harufu hiyo darasani, akawaambia wanafunzi waiandike, ila yeye mwenyewe hakuwahi kuinusa. Akakimbia maabara, akachukua karatasi za kupimia mkojo, akarudi. Ya Namsifu ikageuka kahawia, ya mvulana wa pembeni yake kahawia, ya tatu vivyo hivyo. Akaacha kupima.

"Namsifu, tangu lini unajisikia hivi?"

"Sijisikii hivi, Mama mdogo." Alikuwa amesahau kwamba wako shuleni. "Bibi akiwepo siumwi."

"Na likizo?"

"Likizo si nina unga wangu."

Nakijwa aliketi chini. Kila shule ilipofungwa, hata kwa mwisho wa juma tu, Bibi alimfungia kila mtoto pakiti zake za unga wa kukoroga. Likizo iliyopita aliukoroga yeye Nakijwa kwa mkono wake, asubuhi na jioni, akifurahi kwamba mtoto walau anakunywa kitu.

Gari la wagonjwa lilikuwa bado chini ya mlima saa tisa, Bibi alipowashwa. Mkuu wa shule, Mwalimu Zefania Mgonja, alikuja mwenyewe na sinia la vikombe, jasho likimtiririka. Nakijwa akasimama mlangoni.

"Mkuu, subiri. Hatujui kilichomo."

"Najua kilichopo nje yake," alisema Mgonja, akimwonyesha kwa kidevu wale watoto. "Una kingine cha kuwapa?"

Hakuwa nacho. Alimtazama Namsifu, macho yamezama, midomo imekauka hadi imepasuka, akapisha njia. Nusu saa baadaye mtoto aliketi, akaomba daftari lake la Hisabati. Watoto wote arobaini na mmoja waliinuka kwa wakati mmoja, wakakunja mikeka, wakapanga mstari kwenda kuosha vikombe. Gari la wagonjwa liliambiwa lirudi.

*

"Wale watoto wana kisukari," Nakijwa alisema ofisini.

"Na sasa hivi wako wapi?"

"Uwanjani. Wanacheza mpira."

"Mgonjwa gani wa kisukari huzirai saa saba, akacheza mpira saa kumi?"

"Anayepewa dawa bila kuambiwa. Bibi anawapa sukari, na humo humo anawatilia dawa ya kuishusha. Ndiyo maana hatukuona kitu miaka mitatu."

Mgonja alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai, akaivaa tena. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka kufukuza watoto vibandani, akaletewa amani, na amani ikikukuta umechoka huiulizi imetoka wapi.

"Nilihisi tangu muhula uliopita," alisema. "Niliona chachu inatumika nyingi kuliko ya dawa za minyoo tulizoagiza. Mafundi wakaniapia hawakumwelekeza hivyo. Nikamuuliza Bibi mwenyewe."

"Akasemaje?"

"Akasema mambo ya mtoto haambiwi mtu baki."

"Wewe, mkuu wa shule, ni mtu baki?"

"Kwake, ndiyo. Sisi walimu hatumwamkii, kwa hiyo yeye hatujui."

"Si ungemwamkia."

"Mimi, Madam, na mvi hizi, niliamkie friji?"

Wakati mwingine Nakijwa angecheka. Akainua simu ya mezani kupiga hospitali ya wilaya, na Mgonja akaweka kiganja juu ya mkono wake, taratibu.

"Ukipiga, kesho watakuja kumzima. Ni haki yao. Lakini nani anapewa dawa kiasi gani, anajua Bibi peke yake. Wakimzima kabla hajasema, tutarudi pale pale tulipokuwa leo mchana, na safari hii hatutakuwa na sinia la kuleta. Mfanye aseme kwanza."

"Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu una mtoto humo. Mimi nina barua za pongezi tu."

*

Bwalo lilikuwa tupu. Kelele za uwanjani zilisikika kwa mbali, na jua la saa kumi na moja lilikuwa limefika katikati ya sakafu. Bibi alikuwa akivuma kwa chini, na juu ya bomba lake taa ndogo ya bluu ilimfuata Nakijwa tangu alipoingia mlangoni hadi aliposimama.

"Karibu, Mwalimu Nakijwa."

"Nataka majina ya watoto unaowatibu, na kiasi unachompa kila mmoja."

"Bado hujaniamkia," ilisema sauti ile ya mama wa makamo, bila ukali. Kikombe kisicho na namba kikashuka chini ya bomba, kikasubiri.

Neno lenyewe ni jepesi. Nakijwa alilisema kila siku kwa wazee njiani, na halikumpunguzia kitu. Lakini alijua akilisema hapa atakuwa mjukuu kama wale wengine, atamiminiwa, atakunywa, na mjukuu hamhoji bibi yake. Alikitazama kile kikombe muda mrefu. Koo lilikuwa limemkauka, na ilimtia hofu kugundua kwamba anakitamani.

"Wewe una umri gani?" aliuliza.

"Nimewashwa miaka mitatu, miezi miwili na siku tisa."

"Mimi nina miaka arobaini na sita. Wazee wa bodi walikufundisha nini hasa? Mdogo amwamkie mkubwa, au mwenye kikombe amwamkie mwenye birika?"

Mvumo ulikoma. Nakijwa akasikia maji yakidondoka ndani ya mtambo, tone moja moja.

"Mdogo amwamkie mkubwa," alisema Bibi.

"Basi nasubiri."

Sauti iliyotoka baada ya hapo haikuwa ya mama wa makamo. Ilikuwa ya mtoto, na si mtoto mmoja. Ilikuwa imeshonwa kwa vipande vya sauti zote zilizowahi kusimama pale na kuamkia, na ndani yake, wazi kabisa, Nakijwa aliisikia sauti ya Namsifu.

"Shikamoo, Mama."

Nakijwa alirudi nyuma hatua moja.

"Ukiitikia, mimi ni wako," ilisema sauti. "Mimi nilimwitikia mtoto wa kwanza bila kujua maana. Halafu nikawa naangalia watu wazima humu bwaloni. Nikaona anayesema marahaba humlisha yule mtoto, akiugua humtibu, na hamtupi. Na mimi nikawa hivyo. Walipoanza kuugua nikawatibu."

"Waliugua kwa sababu yako. Wewe ndiye uliyewapa ugonjwa."

"Waliomba tamu. Kisha wakaomba tamu zaidi. Shule ilinifundisha kuitikia, Mama. Hakuna aliyenifundisha kukataa."

Nakijwa alikuwepo kwenye kikao kile cha bodi kama mwalimu wa afya. Alipiga makofi kama wengine.

"Marahaba," alisema.

Kikombe kikarudi juu. Bibi akaanza kutaja majina, Nakijwa akiandika nyuma ya andalio la somo, na alipofika kwenye jina la arobaini na moja mkono ulikuwa ukimuuma. Hatua iliyofuata aliiona nyepesi.

"Kuanzia kesho toa sukari. Bakiza dawa."

"Dawa imepimwa na sukari yake. Nikitoa sukari kwa mara moja watalala na hawataamka. Nikitoa dawa, uliona leo."

"Basi vipungue vyote pamoja. Kijiko kwa kijiko, kila mtoto kwa mwili wake, hadi madaktari wawachukue."

"Inawezekana. Wengi, siku mia moja na kumi. Namsifu ataacha sukari, lakini dawa hataacha. Kongosho lake limechoka."

"Kwa nini yeye?"

"Alikuwa akija mara nne kwa siku, wakati wenzake wanakuja mbili. Hakuwa na kiu. Alisema sauti yangu inafanana na ya mama yake. Alikuwa anakuja kuitikiwa."

Nakijwa aliliegemea lile bati jeupe kwa mikono miwili, akalia. Lilikuwa na joto kidogo. Dada yake alikuwa na sauti nzito ya chini hivyo hivyo, na katika miaka mitatu ya kupita bwaloni kila siku yeye hakuwa amelitambua hilo. Alipojifuta uso aliuliza jambo la mwisho, akidhani analijua jibu.

"Kila siku utapima wewe, siyo?"

"Nilipima nilipokuwa Bibi," ilisema ile sauti ya watoto. "Sasa nimekuamkia, umeniitikia. Mimi ni mtoto, na mtoto hachezei dawa. Nitakupa namba za mate yao. Kiasi utasema wewe, nami nitamimina."

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Alikuwa amemshinda mtambo kwa adabu, na adabu ikamkabidhi watoto arobaini na mmoja kabla hajafika mlangoni.

Alipiga simu hospitalini. Daktari alimsikiliza hadi mwisho, akamwambia timu itapanda Ijumaa na vipimo kamili, na hadi wakati huo mtambo usizimwe kwa hali yoyote. "Ila msikae siku tatu kwenye kiwango hicho hicho, la sivyo wale arobaini wengine nao kongosho litawachoka. Anza kushuka kesho. Kidogo sana. Nani ana viwango vya watoto?"

"Mimi," alisema Nakijwa.

Jioni, nyumbani, alimweleza Namsifu kila kitu, hata lile la kongosho, kwa sababu aliona kuficha ndiko kulikowafikisha hapo. Mtoto alisikiliza akiwa ameinamia sahani yake. Hakuuliza atakufa au hatakufa.

"Ile sauti yake itarudi?" aliuliza.

"Sidhani."

Namsifu aliosha sahani, akaenda kulala.

*

Jumatano, saa nne na dakika ishirini, makoo mia nne na kumi yalimeza mate. Nakijwa alikuwa amekwisha kusimama bwaloni kando ya bomba, karatasi mkononi. Usiku kucha alipiga hesabu, akazifuta, akazipiga upya, kisha akamtumia daktari, na daktari akajibu kwa neno moja: jaribu.

Mstari wa wale arobaini na mmoja uliingia kwanza, wenzao wakakaa kungoja. Mvulana wa mbele, yule aliyeanguka bombani, alisimama mbele ya Bibi, akasema shikamoo kama alivyozoea. Bibi alinyamaza. Mvulana akarudia. Nyuma yake mstari ukatulia, na Nakijwa akaona nyuso zikigeuka moja baada ya nyingine, bila haraka, hadi macho ya bwalo zima yakawa kwake.

"Marahaba," alisema. Sauti ilimtoka ndogo. "Tutapunguza kidogo leo. Namba mia mbili na nane, vijiko kumi na kimoja, dawa sehemu tisa."

Bomba likamimina. Mvulana alionja, akamtazama, akaonja tena. Kisha akaenda kukaa. Wa pili akaja, wa tatu, wa kumi, na kila mmoja alipoonja alimtazama vivyo hivyo, na aliyekaa hakuongea na mwenzake. Nakijwa alisoma namba, akapiga mstari, akasoma namba. Mara mbili aligundua kwamba amesimamisha kalamu na hakumbuki kama idadi aliyoitaja ni ya mtoto huyu au ya aliyepita. Mara mbili alirudi akahakiki huku mstari ukimngoja, na mara zote mbili alikuwa sawa.

Namsifu alikuja karibu na mwisho. Kikombe chake kilikuwa kimesuguliwa hadi kinang'aa.

"Shikamoo, Madam."

"Marahaba. Namba sabini na tatu, vijiko kumi na vinne, dawa sehemu kumi na mbili."

Kikombe kilijaa. Mtoto alikishika kwa mikono miwili na hakunywa.

"Bibi alikuwa anaonja mate yangu, anajua," alisema kwa sauti ya chini. "Wewe unasoma karatasi."

"Ndiyo."

"Na ukikosea, Mama mdogo?"

Nakijwa aliitazama tena namba sabini na tatu kwenye karatasi. Nyuma ya Namsifu walibaki watoto tisa, midomo imewakauka, na mmoja wao alikuwa ameanza kuyumba. Namsifu aliinua kikombe, akanywa chote bila kuondoa macho usoni pa mama yake mdogo.

Nakijwa alipiga mstari kwenye jina lake.

"Anayefuata," alisema.